Kituo cha Shide na Daftari Langu la Mvua

Nataka kukueleza habari za kituo kimoja cha kunakili matetemeko ya ardhi kilichokuwa mbali sana na hapa. Lakini kabla sijafika huko, yanipasa niungame kosa langu kwanza, maana wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimeficha vya kutosha.

Tangu muhula wa kwanza mimi ndiye mwenye daftari la mvua la Chama cha Jiografia. Kila siku saa tatu asubuhi huenda nyuma ya maabara kilipo kipimamvua chetu, nikayamimina maji katika silinda, nikasoma milimita na kuandika. Kazi ni rahisi kama kumsukuma mlevi, ila kuna tatizo moja. Shule yetu ni ya kutwa, na kutoka kwetu hadi shuleni ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Jumamosi na Jumapili nani aende? Basi Jumatatu nilikuwa nikikuta maji ya siku tatu yamejumlika mle ndani, nami nikiyagawanya kwa akili zangu: Jumamosi kidogo, Jumapili kidogo, Jumatatu kidogo. Daftari likapendeza macho, halina hata pengo moja. Nikasifiwa.

Siku moja muhula wa pili nilikuta milimita 36. Nikaandika 14, 12 na 10, nikaenda zangu darasani. Wiki hiyo hiyo Mwalimu wa Jiografia akalichukua daftari ili awafundishe Kidato cha Kwanza kuchora grafu. Alipowasomea kwamba Jumamosi ilinyesha milimita 14, kijana mmoja aliinua mkono.

"Lakini Mwalimu, Jumamosi jua liliwaka kutwa. Sisi nyumbani tulianika mahindi mpaka jioni. Mvua ilikuja Jumapili usiku."

Darasa zima likaitikia, eti ni kweli. Mwalimu akaniita ofisini. Nilidhani atanifokea, kumbe wapi! Aliniuliza tu kwa upole, "Hizi nambari ulizitoa wapi?" Nikainamisha kichwa kama kuku aliyenyeshewa. Akasema, "Nenda ukasome habari za mtu aitwaye John Milne na kituo chake cha Shide. Ukimaliza, uje uniambie ingekuwaje kama watu wake wangekuwa kama wewe."

Nimesoma. Na jibu langu ndilo hili.

JIWE LISILOTAKA KUSOGEA

Kwanza tujiulize: tetemeko linanakiliwaje? Ardhi ikitikisika, nyumba inatikisika, meza inatikisika, hata mtu mwenye kalamu mkononi anatikisika. Sasa utapima kwa nini, ikiwa kila kitu kinakwenda pamoja?

Jibu lake unalo kila siku ndani ya matatu. Dereva akiondoa gari kwa ghafla, unarudi nyuma. Hakuna aliyekusukuma. Gari limekwenda mbele, mwili wako ukataka kubaki pale pale ulipokuwa. Kila kitu kizito kina ukaidi huo. Chukua kamba, funga jiwe, lining'inize, kisha usogeze mkono wako upesi kidogo tu. Utaona mkono umekwenda lakini jiwe limebaki nyuma kwa kitambo. Sasa fikiria mkono wako ndiyo dunia. Ukiweka kalamu kwenye jiwe na karatasi kwenye ardhi, basi karatasi itakwenda huku na huko chini ya kalamu iliyotulia, na tetemeko litajiandika lenyewe. Chombo cha namna hiyo huitwa saismografu. Vyombo vyote nitakavyovitaja, vya zamani na vya leo, vimejengwa juu ya ukaidi huo wa kitu kizito.

MWINGEREZA ALIYETIKISWA JAPANI

John Milne alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka wa 1850. Alisomea mambo ya migodi na mawe. Mwaka wa 1876 alifika Tokyo kufundisha katika chuo cha uhandisi, na safari yenyewe ilimchukua miezi mingi kwa kuwa alipitia nchi kavu, Siberia na China. Husimuliwa kwamba usiku wake wa kwanza tu Tokyo, ardhi ilitetemeka. Karibu mgeni!

Mwezi wa Februari 1880 tetemeko lilipiga Yokohama. Milne na wenzake wakaanzisha chama cha kuchunguza matetemeko nchini Japani mwaka huo huo. Pamoja na wenziwe wawili, James Ewing na Thomas Gray, akaunda saismografu zilizoweza kuonyesha mwendo wa ardhi hatua kwa hatua. Mwaka wa 1891 tetemeko kubwa liliharibu majimbo ya Mino na Owari na kuua watu zaidi ya 7,000, naye Milne akaenda kuchunguza magofu yake. Huko Japani alimwoa Tone Horikawa, binti wa kasisi wa Kibudha wa mji wa Hakodate.

Wakati huo watu walidhani tetemeko hupimwa pale lilipotokea tu. Milne alikuwa ameandika mapema, mwaka wa 1883, kwamba huenda tetemeko kubwa likaweza kunakiliwa popote duniani, mradi chombo kiwe kizuri. Mwaka wa 1889 jambo hilo lilithibitika kwa bahati. Mjerumani Ernst von Rebeur-Paschwitz alikuwa ameweka penduli zake nyepesi mjini Potsdam, Ujerumani, kwa ajili ya uchunguzi mwingine kabisa. Siku moja akaona mistari yake imevurugika bila sababu. Baadaye akasoma kwamba siku hiyo Tokyo ilitetemeka. Hebu fikiria! Mawimbi yalikuwa yamesafiri kutoka Japani hadi Ulaya, chini ya miguu ya watu waliokuwa wakinywa chai, wala hakuna aliyehisi chochote.

Mwezi wa Februari 1895 moto uliteketeza nyumba ya Milne huko Tokyo pamoja na vyombo vyake na vitabu vyake. Kazi ya karibu miaka ishirini ikawa majivu. Mwingine angekata tamaa. Yeye alifunga safari mwaka huo huo, pamoja na mkewe na msaidizi wake Mjapani, Shinobu Hirota, akarudi Uingereza kuanza upya. Alichagua mahali patulivu: Shide, kijiji kidogo karibu na mji wa Newport katika kisiwa cha Wight.

LANGO LA SHIDE

Nilipoanza kusoma nilidhani nitakuta jumba kubwa lenye walinzi. Kumbe kituo cha Shide kilikuwa nyumbani kwa mtu! Chombo kiliwekwa juu ya nguzo ya matofali iliyosimikwa imara ardhini, chumbani mwenye giza.

Chombo chenyewe utakielewa ukilifikiria lango. Lango lililotundikwa kwenye mlingoti uliosimama wima halina pa kwenda. Ukilisukuma hubaki popote. Lakini mlingoti ukiinama kidogo tu, lango hurudi lenyewe polepole mahali pake. Sasa toa mbao zote, bakisha fimbo moja nyembamba ya alumini yenye urefu wa karibu mita moja, iliyoegemea nguzo upande mmoja kwa ncha kali, na kushikiliwa na uzi mwembamba wa waya. Hiyo ndiyo penduli ya Milne. Kwa kuwa ilibembea polepole sana, iliweza kuhisi mawimbi marefu na ya taratibu yatokayo mbali, yale ambayo binadamu hayahisi hata kidogo.

Kalamu haikutumiwa, kwa sababu kusugua kwake kungeizuia fimbo. Milne alitumia mwanga. Mwanga wa taa ulipita katika tundu jembamba lililokuwa kwenye ncha ya fimbo, kisha katika tundu jingine lililokingama nalo, ukaangukia karatasi ya picha kama nukta. Karatasi ilivutwa polepole na mashine ya saa. Ardhi ikitulia, nukta ilichora mstari ulionyooka. Ardhi ikitikisika, mstari ulivimba kama nyoka aliyemeza panya.

Na sasa, msomaji, sikiliza hapa, maana ndipo daftari langu liliponisuta. Karatasi ile haikuwa na maana yoyote bila wakati. Kwa hiyo mkono wa saa uliwekwa upite mbele ya mwanga na kuuziba kidogo kila baada ya saa moja, ili alama ibaki kwenye karatasi. Saa yenyewe ilibidi ilinganishwe na saa sahihi, na kosa lake liandikwe. Isiandikwe kwamba saa ni nzuri. Liandikwe kosa lake! Mimi sikuwahi kuandika kosa hata moja.

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Je, kituo kimoja kinaweza kujua tetemeko limetokea wapi? Umewahi kuona umeme, kisha ukahesabu sekunde hadi usikie ngurumo? Kadiri pengo linavyokuwa refu ndivyo radi ilivyo mbali. Tetemeko nalo hutuma wajumbe wawili. Mawimbi ya kwanza huenda kwa kasi ya kilomita 6 hivi kwa sekunde karibu na uso wa dunia, na ya pili husuasua nyuma kwa kilomita 3.5 hivi. Kwa matetemeko yasiyo mbali sana, kila sekunde ya pengo kati ya wajumbe hao ni kama kilomita 8.

Hivyo kituo kimoja chaweza kusema: tetemeko liko umbali fulani kutoka kwangu. Lakini upande gani? Hakijui. Chukua bikari uchore duara kukizunguka. Tetemeko liko mahali fulani kwenye duara hilo. Kituo cha pili kikichora duara lake, zitakutana mahali pawili. Cha tatu kinamaliza ubishi.

Hii ndiyo sababu Milne hakutosheka na Shide. Kwa msaada wa chama cha wanasayansi cha Uingereza, vyombo vya namna moja vilipelekwa nchi nyingi: Cape Town, Misri, Mauritius, Bombay, Toronto, New Zealand na kwingineko, mpaka vikawa karibu vituo 40. Hata meli ya Discovery iliyokwenda Antaktika mwaka wa 1901 ilibeba chombo kimoja. Kila kituo kilikuwa na mtu wake wa kubadilisha karatasi, kutazama mstari, kuandika saa na dakika, kisha kutuma habari Shide kwa posta. Milne alizikusanya na kuzichapisha kuanzia mwaka wa 1900 katika majarida yaliyoitwa kwa jina la kile kijiji.

Faida yake ilionekana upesi. Mwaka wa 1906 Richard Dixon Oldham, aliyekuwa amechunguza matetemeko huko India, alilinganisha nyakati za mawimbi yaliyopokewa katika vituo vingi. Akaona kwamba mawimbi yaliyopita karibu na katikati ya dunia yalichelewa kuliko ilivyotarajiwa. Akahitimisha kuwa dunia ina kiini cha namna nyingine ndani yake. Kutoka hapa tulipo hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371 hivi, na mpaka leo shimo refu kuliko yote lililochimbwa na binadamu halijapita sana kilomita 12. Ule mchoro wa dunia iliyokatwa kama chungwa tunaouchora katika mtihani haukutokana na mtu aliyekwenda huko akaona. Asili yake ni madaftari.

Madaftari, jamani! Ya watu ambao wengi wao majina yao hatuyajui, waliokuwa peke yao asubuhi mbele ya karatasi, bila mwalimu wa kuwatazama.

CHOMBO HUZEEKA, KAZI HAIZEEKI

Nisikudanganye kwamba chombo cha Milne hakikuwa na dosari. Kilikuwa na dosari kubwa: hakikuwa na breki. Mtoto akishuka kwenye bembea, bembea huendelea kwenda na kurudi. Vivyo hivyo fimbo ya Milne, ikishaguswa na wimbi moja, iliendelea kubembea yenyewe, ikawa vigumu kujua lipi ni tetemeko na lipi ni ukaidi wa fimbo. Huko Göttingen, Ujerumani, Emil Wiechert aliunda saismografu yenye kitulizo cha hewa cha kuzuia bembea hiyo. Alitumia uzito wa zaidi ya kilo 1,000, na sindano yake ilikwaruza karatasi iliyopakwa masizi. Nchini Urusi Boris Galitzin alitumia sumaku na koili, ili mwendo wa penduli uzalishe umeme. Vyombo vya leo vinafuata njia hiyo ya umeme.

Wafuasi wa Milne hawakukaa kimya. John Johnson Shaw wa West Bromwich alikirekebisha chombo cha Milne, akakitia sumaku za kukituliza, na kukiwezesha kukuza mwendo wa ardhi mara 250 hivi. Kikaitwa Milne-Shaw, kikaenea duniani.

Milne mwenyewe alifariki tarehe 31 Julai 1913, hapo hapo Shide. Baadaye mjane wake Tone alirudi kwao Japani. Kituo kile kikafifia, na mwaka wa 1919 kazi ikahamia Oxford chini ya Profesa Herbert Hall Turner. Ingeweza kufa, lakini haikufa. Kutoka Oxford yalitoka majarida ya kimataifa yaliyoorodhesha matetemeko ya dunia nzima kuanzia ya mwaka wa 1918. Mwaka wa 1964 kikaundwa kituo cha kimataifa cha matetemeko kilichorithi kazi hiyo, nacho kinaendelea mpaka leo huko Thatcham, Uingereza. Mti ulianguka, mbegu ikaota kwingine.

NA SISI JE?

Labda unasema, haya ni ya Wazungu na Wajapani, yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Bonde la Ufa liko hapa hapa kwetu. Usiku wa tarehe 6 Januari 1928 tetemeko lenye ukubwa wa 6.9 hivi lilipiga Subukia, kaskazini mashariki mwa Nakuru, na ardhi ikapasuka chini ya ukingo wa Laikipia. Ndilo kubwa kuliko yote yaliyonakiliwa nchini Kenya. Liliandikwa na vyombo vya nchi za mbali, vya watu ambao pengine hawakuwahi kulisikia hata jina la Subukia. Leo wahandisi wakitaka kujua jengo la ghorofa lijengwe imara kiasi gani, nambari za usiku ule ni kati ya zile wanazozitegemea. Kama mtu mmoja huko angekuwa amelala, akaamka na kubuni dakika tu ili daftari lake lisiwe na pengo, je?

Nilipiga hesabu. Tuseme mtu ameongeza dakika moja tu katika lile pengo la wajumbe wawili. Sekunde 60 mara kilomita 8 ni kilomita 480. Hiyo ni kama safari ya basi kutoka Nairobi hadi Mombasa! Tetemeko la Subukia lingetafutwa mbali kabisa na Subukia.

Baadaye nasi tulipata vyombo vyetu. Katika miaka ya 1960 Nairobi ilikuwa na kituo katika mtandao wa Wamarekani wa vituo zaidi ya 100 vya namna moja. Siku hizi kuna kituo cha Kilimambogo, kule kwenye mlima unaoitwa pia Ol Donyo Sabuk. Kinanakili matetemeko, tena kimo katika mtandao wa kimataifa unaosikiliza kama kuna nchi inayolipua bomu la nyuklia kwa siri, maana bomu chini ya ardhi nalo hutikisa dunia. Hakuna tena karatasi ya picha wala taa. Wakati unatoka kwenye setilaiti. Lakini ndani yake kuna kile kile kitu kizito kisichotaka kusogea, na nje yake lazima wawepo watu wasiotaka kudanganya.

JIBU LANGU

Nilimrudia Mwalimu na jibu: kama watu wa Milne wangekuwa kama mimi, Shide ingekuwa na karatasi nyingi nzuri zisizo na pengo, na dunia isingejua kitu. Tena ni afadhali pengo kuliko uongo. Pengo humwambia msomaji "hapa sijui", naye hujihadhari. Uongo humwambia "hapa najua", akautegemea, akaanguka.

Mwalimu akaniuliza, "Basi utafanya nini na kurasa zilizopita?"

Swali hilo ndilo lililoniuma. Nilichukua kalamu nyekundu, nikarudi ukurasa kwa ukurasa. Kila Jumamosi na Jumapili nilipiga mstari juu ya nambari zangu, nikaandika "haikusomwa", na kila Jumatatu nikaandika jumla ya siku tatu. Daftari lililokuwa likipendeza macho sasa linatisha kama limechinjiwa kuku. Kuna mwezi mmoja wa mvua ndefu ambao karibu wote ni mwekundu.

Yule kijana wa Kidato cha Kwanza aliyeinua mkono nyumbani kwao ni karibu na shule, hata kengele husikika. Nilimwendea, nikamwomba msamaha, kisha nikamwomba awe akisoma kipimamvua Jumamosi na Jumapili. Akakubali, ila kwa sharti moja: siku akisahau, nisimjazie.

Nimekubali. Ukipita nyuma ya maabara saa tatu asubuhi, karibu uangalie daftari. Usijali wekundu. Hizo ndizo kurasa zake za kweli.